Safu Iliyobaki Nje

Chumba changu kiko Ng'ambo, nyuma ya fundi vyerehani,
na kina kioo kipana kama meza ya wapishi wa harusi.
Hapo niliupanga ukurasa wa bei
kwa ajili ya warina asali wa Sikonge:
picha ya msitu juu, ukingo hadi ukingo,
na chini yake jedwali, safu sita zimesimama
kama gwaride la shule siku ya mwenge.
Kijiji. Daraja. Ujazo. Nta. Mwaka jana. Mwaka huu.
Nikarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni.
Nikajipongeza. Nikanywa chai.

Kalunde binti Msabila hana kioo kipana.
Ana simu ya mkono wa pili, iliyowahi kuzama kwenye ndoo,
ikaopolewa, ikalazwa siku tatu ndani ya mchele.
Ufa umeanzia pembe ya juu, ukashuka umepinda
kama mto Ugalla wakati wa kiangazi,
na kulia kwa ufa hakuna kitu, wino mtupu.
Kilichobaki ni vidole vitatu vya mwanga.

Jumanne asubuhi, bando la mia tano likiyeyuka,
msitu wangu ulitangulia kushuka, jani kwa jani.
(Msitu! Mtu anayelala porini wiki mbili
na moshi na nyuki, nikamwonyesha msitu.)
Kisha jedwali likaja, likakatika:
Kijiji. Daraja. Ujazo. Nta. Mwaka jana.
Ukingo.

Mnunuzi amesimama na mizani, pikipiki inanguruma.
Kalunde akasoma kilichosomeka.
Ndoo nne zikaondoka kwa bei ya mwaka jana.

Aliniambia mwenyewe, stendi, bila kupandisha sauti:
"Hiyo ya mwaka huu uliiweka wapi?"
"Kulia," nikasema.
"Kulia kwa nani?"

Usiku ule sikugusa rangi hata moja.
Nilikata boksi la majani ya chai kwa wembe,
nikatoboa dirisha la vidole vitatu,
nikalibandika kwa selotepu juu ya kioo changu kipana.
Nikachungulia:
nusu ya neno, kiwiko cha mti,
na kitufe kimebaki nje
kama mgeni aliyebisha hodi asiitikiwe.

Nikaukumbuka mzinga wa gome niliouona Kitunda,
mrefu kama mtoto aliyelala,
mlango wake hauzidi ncha ya kidole.
Msitu mzima unapita pale,
mtundu na maua yake, mninga na maua yake,
umegawanywa miguuni mwa nyuki.
Hakuna nyuki anayeingia na tawi.

Basi nikaanza kutupa.
Picha, nje. Nembo ya ushirika ikasinyaa,
ikawa punje ya mtama.
Mwenyekiti akapiga simu: sura yake imekwenda wapi?
Nikamwambia ipo, chini, baada ya bei.
Akanyamaza ule unyamavu wa ofisini.
Bei ya leo ikapanda juu, peke yake, nene,
aisome hata aliyeshika kamba kwa mkono mmoja.
Safu nikazivunja, kila ndoo na kibanda chake,
kimoja chini ya kingine,
na kitufe cha kumpigia mnunuzi
nikakipanua kitoshe kidole gumba chenye nta.

Nikaenda naye hadi kwenye simu yake.
Akashusha. Akashusha. Akashusha.
"Umekuwa mrefu," nikaomba radhi, "itabidi ushuke sana."
"Kushuka nimezoea," akasema, macho hayajatoka kwenye ufa.
"Mtini nashuka na ndoo imejaa.
Ila nani uliwahi kumwona akishuka mti kwa ubavu?"

Tofauti ya ndoo nne nilikuwa nimeifunga kwenye bahasha.
Nilidhani atakataa, nikawa nimeshaandaa maneno.
Akaipokea. Akahesabu noti mbele yangu, mara mbili,
akanirudishia elfu mbili iliyozidi.